Bánh rán, bánh tiêu au ndizi za kukaanga: nipike kipi nyumbani?

KijukuuWaTanga:
Habari zenu wakuu. Jumamosi nimealikwa nyumbani kwa mwalimu wangu wa lugha, na nimemuahidi kuleta kitafunio kitamu cha Kivietnam nilichokaanga kwa mikono yangu. Kununua sitaki, maana mwalimu huyu amenipokea kama mwanawe. Nimebaki na vitu vitatu: bánh rán (yale madonge ya unga wa mchele wa kunata yaliyopakwa ufuta, ndani choroko tamu), bánh tiêu (la ngano, ufuta juu, ndani wazi kama andazi lililovimba), au bánh chuối, ndizi iliyobanwa ikawa bapa, ikachovywa kwenye uji wa unga na kukaangwa. Naombeni uzoefu wenu.

MzeeWaKarai:
Mleta mada, umeuliza nusu. Uko Vietnam yenyewe au nchi nyingine? Kama uko huko, kaskazini au kusini? Watu wangapi? Kitaliwa kikitoka tu kwenye mafuta au kitasafiri? Jiko gani? Bila hayo kila mtu atakutajia anachokipenda yeye.

DadaSaigon:
Ndizi, tena ndizi tu. Niko Saigon mwaka wa tano, na huku hazikosi pembeni mwa barabara jioni. Tafuta chuối sứ, zile fupi nene, ziive mpaka ganda liingie madoa. Menya, weka katikati ya nailoni mbili, bana taratibu kwa ubao wa kukatia mpaka iwe bapa bila kukatika. Uji ni unga wa mchele wa kawaida, ngano kidogo, tui la nazi, sukari, chumvi, ufuta. Wapishi wengine wa huku hukorogea unga kwa maji ya chokaa yaliyotuama ili gamba likauke vizuri. Hukandi kitu, huloweki choroko.

MzeeWaKarai:
Chokaa? Hebu fafanua, dada, kuna watu wataenda duka la saruji.

DadaSaigon:
Ya kulia tambuu. Wabibi wa huku nao wanatafuna tambuu kama wa kwetu. Unakoroga kidogo kwenye maji, unaiacha izame, unachota yale maji maangavu ya juu peke yake. Ya ujenzi hapana kabisa. Kama huna, acha, tui linatosha.

KijukuuWaTanga:
Samahani, sikueleza. Niko Hanoi, Cầu Giấy, ni mwanafunzi. Jiko ni moja la umeme la kubandika mezani, karai ninalo, kipimajoto sina. Watu kama 15. Nitatoka kwangu saa nne asubuhi na tutakula baada ya chakula cha mchana, kwa hiyo kitakaa saa tatu au nne. Na mama mzazi wa mwalimu atakuwepo, ni mtu wa kaskazini, amepika bánh rán tangu ujana wake.

MzeeWaKarai:
Basi ndizi zimetoka. Baada ya saa moja gamba limelowa, unampelekea mwenyeji ndizi teketeke.

DadaSaigon:
Si akaangie huko huko? Uji anaubeba kwenye chupa.

BintiNgamiani:
Mleta mada, soma hii kabla hujagusa bánh rán. Mimi niko Berlin. Mwaka juzi nilikwenda Dong Xuan Center, lile soko la Wavietnam kule Lichtenberg, kununua unga. Kuna mifuko ya Thailand yenye picha ya tembo wa vichwa vitatu: mwekundu ni mchele wa kawaida, wa kijani ni mchele wa kunata. Nikabeba mwekundu. Donge likawa linakatika kama mchanga mbichi, halishiki chochote. Nikarudi siku ya pili kuchukua wa kijani, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Mafuta niliyaacha yapate moto sana, kama ninavyofanya kwa kaimati. Nikatumbukiza madonge sita. Yakazama, yakapanda, yakaanza kushika rangi, nikafurahi. Mara nikasikia mlio mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Nikainama nisikilize unatoka wapi. Donge moja likapasuka, mafuta yakaruka mpaka kwenye milango ya kabati. Kabla sijafikia kitasa cha jiko, la pili likapasuka. Nilikuwa nimevaa mikono mifupi. Nina makovu matatu juu ya kiwiko mpaka leo. Mwanangu, wakati huo ana miaka minne, alikuwa amesimama mlangoni akiniita. Kila nikikumbuka alivyokuwa anakuja mbio, mwili unanisisimka. Sijapika tena bánh rán nyumbani mwangu, na simshauri mtu anayejifunza aanzie hapo.

MkaaMoto:
Pole sana dada. Lakini usiwatishe watu moja kwa moja, sababu inajulikana. Unga wa kunata ukiiva unakuwa kama mpira, hauna tundu. Mafuta yakiwa makali gamba linakauka upesi, mvuke wa ndani unakosa pa kutokea, unajikusanya mpaka gamba linashindwa. Kaimati ni ngano na hamira, ina vitundu vyake, haifanyi hivyo. Ule mlio uliousikia ndio onyo. Ukiusikia, zima jiko na ukae mbali, usiiname.

Ninavyofanya mimi: unga wa kunata gramu 200, wa mchele wa kawaida gramu 30, kiazi kitamu kilichochemshwa na kupondwa gramu 100, sukari gramu 50, beking pauda kijiko kimoja cha chai, maji ya uvuguvugu kidogo kidogo. Kanda, funika, lipumzike saa moja. Choroko ziwe zilizomenywa, loweka, pika kwa mvuke, ponda na sukari, kausha kwenye sufuria mpaka ukifinya kitonge hakishikamani na vidole. Mafuta yawe ya vuguvugu madonge yakiingia, moto mdogo, na uyazungushe bila kuacha. Yakipanda juu, yakandamize polepole kwa mgongo wa upawa. Hapo yanatanuka. Dakika 12 mpaka 15, na rangi unaipa mwishoni tu. Sijapasukiwa hata mara moja.

MzeeWaKarai:
Kiazi kitamu au mbatata? Mimi nilifundishwa mbatata.

MkaaMoto:
Vyote vinafaa. Kiazi kitamu kinaleta rangi.

MzeeWaKarai:
Kinaleta rangi mapema, ndiyo maana mtu anaitoa kabla ndani hakujaiva.

MamaMaandazi:
Jamani, mnamtesa mtoto wa watu na madonge. Bánh tiêu! Ngano, hamira, sukari, maji, basi. Aliyesukuma maandazi ameshafika nusu ya safari. Likiumuka ligawe, bingirisha kwenye ufuta, sukuma kama nusu sentimita. Tofauti na andazi ni kwamba unaligeuza mapema na unaendelea kuligeuzageuza upesi upesi, linavimba mpaka linakuwa tupu ndani. Mafuta hapa ndiyo yawe moto. Mimi naongeza iliki.

DadaSaigon:
Mama, ukitia iliki hilo ni andazi la ufuta. Na huku kusini mtu analipasua anatia xôi, wali wa kunata, ndani. Kwa mama wa Hanoi litaonekana kitu cha kusini.

MamaMaandazi:
Iliki haijawahi kumharibia mtu chakula, mwanangu.

AbuuSalim:
Asalaam alaikum. Swali langu ni mafuta. Baadhi ya wapishi wa Vietnam hukaangia mafuta ya nguruwe. Ndugu Kijukuu, ukijipikia unajua umetia nini, na hilo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Nilipokuwa Hanoi niliogopa hata kuonja yale ya mtaa wa Lý Quốc Sư karibu na kanisa kuu. Na kule pia wanauza bánh rán za chumvi, ndani nyama ya nguruwe, kwa hiyo uliza kwanza.

Kuna cha nne hamjakitaja: bánh nhãn ya Hải Hậu, upande wa Nam Định. Unga wa kunata unakandwa kwa mayai badala ya maji, vidonge vidogo kama tunda la nhãn, vinakaangwa kisha vinazungushwa kwenye shira mpaka sukari inakauka juu. Vinakaa siku nyingi vikiwa vikavu. Asili yake ni mafuta ya nguruwe, lakini ya alizeti yanafanya kazi.

BintiNgamiani:
Na hivyo havipasuki?

AbuuSalim:
Ni vidogo na havina kitu ndani. Moto mdogo vilevile.

MkaaMoto:
Kijukuu, jambo moja. Mtu wa kaskazini akipewa bánh rán anaitikisa sikioni. Kitonge cha choroko kikigonga ndani, umejua kupika. Kikiwa kimegandana na gamba, ni kama bánh cam, ndugu yake wa kusini. Ndiyo maana choroko lazima ziwe kavu. Na ukitafuta video, kuwa makini: ukiandika bánh rán unaletewa pia vile vikate bapa vya Doraemon, yule paka wa katuni za Kijapani, maana Wavietnam wamevipa jina hilohilo.

KijukuuWaTanga:
Asanteni sana. Nimesoma yote mara mbili. Leo nimenunua unga, mfuko umeandikwa bột nếp, yaani unga wa kunata, nimemuuliza na muuzaji. Nimejaribu madonge matatu tu, nimevaa mikono mirefu, mfuniko mkononi. Moja limepata ufa na choroko zimevuja. La pili limekuwa gumu upande mmoja. La tatu nimelitikisa, likagonga. Nimelitikisa mara nyingi sana. Lakini baada ya saa mbili lilikuwa limelainika, sijui ndivyo linavyotakiwa au ni mvuke wa bakuli nililolifunika.

MzeeWaKarai:
Ulilifunika likiwa bado la moto?

MamaMaandazi:
Bánh tiêu halina mambo hayo. Jaribu kesho, bado siku tatu.

DadaSaigon:
Mwalimu ana jiko la gesi? Muulize, ukaangie huko.