Nikiomba nitangazwe mufilisi, wadhamini wangu watasalimika?

Mwenye mashua, Lamu
Assalamu alaykum ndugu zangu. Nilikopa katika sakko ili ninunue mashua ya faiba na mashine yake, nikitaraji kuwavusha wageni baina ya Shela na Manda, lakini misimu miwili imepita bila kazi ya kutosha, na sasa nadaiwa shilingi 1,600,000, zikiwemo za duka la vipuri. Mashua bado ninayo, ingawa ikiuzwa leo haifikishi hata nusu ya deni. Je, nikiomba nitangazwe mufilisi nitafungwa? Wadhamini wangu wawili, mmoja wao mjomba wangu, watasalimika? Na shauri hili laweza kupelekwa kwa kadhi?

Karani mstaafu, Malindi
Wa alaykum salaam. Nianze na kadhi, maana jibu lake ni fupi: Kifungu cha 170 cha Katiba kinampa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu, kwa hivyo ombi lako ni la Mahakama Kuu, ambayo iko hapa Malindi na pia Garsen.

Kufilisika si jinai. Jinai ni kuficha mali, au kusema uongo katika taarifa ya mali na madeni ambayo mdeni huiambatanisha na ombi lake. Chini ya Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, ukishatangazwa, mali yako huingia mikononi mwa msimamizi, naye huiuza na kuwagawia wadai. Wewe kwa kawaida huondolewa ufilisi miaka 3 baada ya kuwasilisha taarifa hiyo, iwapo hakuna aliyepinga. Kabla ya hapo huwezi kuchaguliwa mbunge wala mwakilishi wa wadi, jambo ambalo pengine halikusumbui, ingawa huko Lamu sijui nani hana nia ya kugombea.

Wadhamini ndio mzigo wenyewe. Wewe kufutiwa deni hakumfutii aliyekudhamini, kwa hivyo sakko itamgeukia mjomba na mwenzake.

Mama wa duka, Malindi
Kaka, ipo pia njia ya wasio na mali, kwa madeni ya kuanzia shilingi 100,000 hadi 4,000,000. Ombi hupelekwa kwa Mpokeaji Rasmi wa serikali, na miezi 12 ikipita madeni hufutwa. Mashua yako ndiyo inayokufungia mlango huo.

Mwenye mashua, Lamu
Na nikiiandikisha kwa jina la ndugu yangu?

Karani mstaafu, Malindi
Usithubutu, mwanangu. Mahakama yaweza kuubatilisha uhamisho huo, nawe utakuwa umejitia katika jinai ile ile niliyoitaja. Afadhali uwapelekee wadai pendekezo la kulipa kidogo kidogo kupitia msimamizi aliyeidhinishwa, ukiomba kwanza amri ya muda ya mahakama ya kukukinga nao. Wakilikubali, mashua itabaki kazini, na sakko haitakuwa na haraka ya kumwandama mjomba. Tuambie, wakati wa kaskazi hubakiwa na kiasi gani kwa mwezi ukishatoa petroli?