Upepo wa kisiwani: tutengeneze hidrojeni au tununue betri?

Mleta mada: Kisiwani Eday, huko Orkney, Scotland, mtambo wa upepo wa wanakijiji ulikuwa ukiamriwa kupunguza uzalishaji kwa sababu gridi imejaa. Ikafungwa elektrolaiza ya kW 500, yaani mashine inayotumia umeme kupasua maji kuwa hidrojeni na oksijeni. Hidrojeni ikapakiwa kwenye trela, ikavushwa kwa feri hadi Kirkwall, na huko seli za fueli za kW 75, zinazogeuza hidrojeni kuwa umeme, zikawapa umeme meli zilizofunga gatini. Visiwa vingine viige?

Mpiga hesabu: Visiige. Kilo moja ya hidrojeni inakula uniti 50 hadi 55, na hapo bado hujaigandamiza. Ukiirudisha kuwa umeme unapata uniti 16 hivi. Zaidi ya theluthi mbili zimepotelea njiani! Betri ya lithiamu inakurudishia zaidi ya 80 katika kila 100.

Fundi mitambo: Sawa, ila uniti za Eday zilikuwa za kutupwa. Halafu betri ya saa nne itakuvusha vipi siku tatu upepo ukikata? Utsira, Norway, mwaka 2004, nyumba 10 ziliwekewa akiba ya siku mbili hadi tatu: mita za ujazo 2,400 za gesi, zimeshindiliwa kwa shinikizo la bar 200.

Mpiga hesabu: Nyumba kumi tu, na bado walihitaji betri na gurudumu zito la kutuliza masafa ya umeme. Betri hukuikwepa.

Fundi mitambo: Kweli, na sababu ni upepo kuyumba. Elektrolaiza ya alkali ukiishusha chini ya robo ya uwezo wake, oksijeni inatoka kidogo lakini hidrojeni inayopenya upande wake haipungui. Hidrojeni ikifika asilimia 4 ndani ya oksijeni hiyo ni mchanganyiko unaolipuka, kwa hiyo kidhibiti huzima mtambo mapema, kwenye asilimia 2 hivi. Elektrolaiza ya utando inavumilia zaidi kuyumba, lakini ni ghali na inadeka kwa maji: sodiamu au kalsiamu ikipita kwenye kichujio inang'ang'ania kwenye utando, volti zinapanda, uniti zinaliwa bure.

Mchangiaji: Na maji yenyewe kisiwani yako wapi?

Fundi mitambo: Hayo siyo kikwazo. Kilo moja inahitaji lita 9, tuseme 20 ukihesabu ya kusafishia. Kuondoa chumvi mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ni uniti 3 au 4. Kinachouma ni hewa ya chumvi kwenye kompresa na viungio vya mabomba.

Baharia: Basi msiirudishe kwenye gridi, itumieni kuendeshea feri.

Mpiga hesabu: Feri ya Hydra ya Norway inaitumia tangu 2023, ikiwa kimiminika. Ilipoanza, ilikuwa ikiletewa kwa malori kutoka Leuna, Ujerumani.