Hapa Mwanza moshi wa gari unapimwa wapi? Nimechoka!

Wakuu, nimeandika hii nikiwa na hasira.

Mwezi uliopita nilipeleka Noah yangu kwa fundi kwa sababu ilikuwa inakula mafuta na kutoa harufu kali. Akaingia chini, akanionyesha bomba lililochomelewa pale yalipokuwa masega, yaani kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi. Aliyeniuzia alishayang'oa akayauza. Yana platinamu na paladiamu ndani, ndiyo maana yanawindwa, lakini kazi yake ni kuvunja kaboni monoksaidi na sumu nyingine kabla hazijatoka nje. Fundi akasema, "Achana nayo bosi, gari linapumua vizuri zaidi bila masega." Gari lipumue, na mwanangu je?

Mwanangu ana pumu. Tunakaa Mkuyuni, jirani kabisa na barabara kuu ya Shinyanga. Fuso za mchanga zikipita asubuhi, nguo zilizoanikwa zinabadilika rangi. Moshi mweusi ule si hali ya hewa jamani: ni nozeli za kupulizia dizeli zilizochoka, ea klina iliyoziba, na pampu ya dizeli iliyofunguliwa makusudi ili lori libebe kupita uwezo wake. Vyote fundi anavirekebisha.

Nikanunua masega mengine kwa hela yangu. Kisha nikaenda kukagua gari nipate stika. Wakaangalia taa, tairi, wipa, honi, mtungi wa kuzimia moto. Nikauliza, na moshi? Mkaguzi akaniangalia kama nimeuliza bei ya ndege. Miaka 11 naendesha gari mji huu na hakuna aliyewahi kuingiza kipimo kwenye ekzosi yangu.

Na msiniambie sheria haipo. Kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, zimeweka viwango vya moshi wa magari. Viko kwenye karatasi.

Sasa tazameni majirani. Rwanda tangu 2025 wanapima moshi kwa mashine. Kaka yangu yuko Kigali, gari lake lilifeli, akapewa muda wa kulitengeneza, akarudi likapita. Kenya gari lililozidi miaka 8 haliingii. Uganda waliweka miaka 15 mwaka 2018. Sisi tunatoza ushuru wa uchakavu, ukilipa linaingia. Kwa hiyo gari bovu likikataliwa kwingine, mlango uliobaki wazi ni upi?

Najua kuna atakayesema hata Marekani sheria hazifanani. Kweli. California magari mengi yanapimwa kila miaka miwili, ila kuna kaunti ambazo gari linapimwa pale tu linapobadilisha mmiliki, na Florida waliacha kupima kabisa mwaka 2000. Lakini wenzetu wanaanza kwa kupima hewa ya eneo, ndipo wanaamua pa kukaza na pa kulegeza. Hapa kwetu nani kapima hewa ya Mkuyuni, Buzuruga au Igoma pale vipanya vinapojazana jioni?

Hoja ya kwamba nauli itapanda nimeichoka. Sijasema daladala zifungiwe. Nimesema zipimwe, zinazofeli zipewe siku za kutengeneza nozeli. Waanze na malori na daladala, sisi wenye gari ndogo tufuate. Dizeli yenyewe tulishakubaliana Afrika Mashariki tangu 2015 iwe na salfa isiyozidi 50 ppm (sehemu 50 kwa kila milioni), yaani mafuta safi yapo, yanaungulia kwenye injini ambazo hakuna anayezikagua. Hili linaniuma kuliko yote.

Mods, naomba msiunganishe uzi huu na ule wa bei za stika, ni mambo mawili tofauti.

Kama kuna mtu humu gari lake limewahi kupimwa moshi hapa Mwanza, kwa mashine na si kwa macho, aseme ni wapi na alilipa shilingi ngapi.