Maswali ya kuchagua: nibaki na jibu la kwanza au nibadilishe?

Wakuu, naombeni ushauri. Nipo mwaka wa pili, nasomea uuguzi hapa Mwanza. Maswali ya kujieleza hayanisumbui, ila ya kuchagua yananitesa. Kwenye test ya juzi nilifuta majibu sita. Mawili nilikuwa nimeshapata, nikayaharibu kwa mkono wangu mwenyewe. Usiku sikulala. Wenzangu wa geto, Nyegezi, wanasema jibu la kwanza haliguswi. UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, ni wiki ijayo, na ada yangu inatoka kwenye dagaa wa mama pale Kirumba. Sapu, yaani kurudia mtihani, siitaki kabisa.

Mtoto wa Igoma:
Usiliguse, mdogo wangu. Mimi nilibadilisha moja tu nikakosa kufaulu kwa alama hiyohiyo. Mpaka leo naikumbuka.

Mwalimu wa Ziwani:
Kaka, unaikumbuka kwa sababu inauma. Ulizobadilisha ukapata hazikuumi, basi zimesahaulika. Huko Marekani, Kruger na wenzake walihesabu alama za ufutio kwenye karatasi za wanafunzi 1,561 wa Chuo Kikuu cha Illinois, wakachapisha mwaka 2005. Asilimia 51 ya mabadiliko yalitoka kosa kwenda sahihi. Sahihi kwenda kosa ni 25 tu, mengine yalitoka kosa kwenda kosa. Na bado wanafunzi wengi waliamini jibu la kwanza ndilo salama.
Mdogo wangu, mbona umetaja mawili tu? Yale manne je?

Bandarini:
Uliza pia kama wanakata alama. Kama hawakati, usiache swali wazi hata moja. Kama kosa linakata thuluthi ya alama na chaguo ni nne, kubahatisha tupu hakukupi wala hakukunyimi. Ukishaondoa moja ambalo una hakika silo, jaza.

Mleta uzi:
Nimeitoa karatasi nikaikagua. Matatu nilibadilisha nikapata! Moja lilikuwa kosa, likabaki kosa. Sikuwahi kuyahesabu haya.

Mwalimu wa Ziwani:
Sasa niambie, kila moja ulilibadilisha kwa nini?

Mleta uzi:
Yale matatu, niliporudia kusoma niliona neno "isipokuwa", mwanzo nililiruka. Lile lililobaki kosa sikumbuki. Yale mawili niliyoharibu… C zilikuwa zimefuatana nne, nikaingiwa hofu. Swali lenyewe sikulisoma tena.