Naomba ushauri: nianze na muvi ipi ya James Bond kwenye kibanda umiza changu?

Wakuu habari za jioni, nina kibanda umiza huku Pasua, Moshi, Jumamosi hakuna mechi ya maana so nimepanga usiku wa James Bond, zile anazoponea tundu la sindano, ila nimekwama, vijana na wazee hawaelewani kabisa.

Mzee mmoja fundi cherehani kagoma, anataka Live and Let Die ya 1973, jamaa kaachwa kisiwani mamba wamemzunguka anakimbia juu ya migongo yao mpaka nchi kavu. Na mzee ana pointi, mamba walikuwa wa kweli, aliyekimbia badala ya mwigizaji ni Ross Kananga, mwenye shamba lenyewe la mamba kule Jamaika, alirudia mara kadhaa na mamba wakamng'ata.

Vijana wanataka Casino Royale ya 2006, kawekewa sumu kwenye kinywaji, kajitapisha kwa maji ya chumvi, kakimbilia kwenye gari kuna mashine ya kushtua moyo, anabonyeza wapi, waya umechomoka! Kazima hapo hapo mpaka Vesper, yule dada aliye naye kwenye kazi hiyo, anakuja kuuchomeka. Hiyo ndo kufa kabisa jamani.

Mimi moyoni ni Goldfinger ya 1964, kafungwa mezani leza inapanda katikati ya miguu na kajiokoa kwa mdomo tu, kajifanya anaijua siri yote ya yule tajiri adui yake. Shida ni ya zamani, naogopa watasinzia.

Nianze na ipi, na hii ya 1964 niiweke ya mwisho au niiache?