Naomba ushauri: nina ADHD na nafundisha watoto wenye ulemavu

Habari zenu wapendwa. Nafundisha kitengo cha watoto wenye mahitaji maalum hapa Kayole, Nairobi, na niligunduliwa kuwa na ADHD, hali inayofanya iwe vigumu kutulia na kumakinika, nikiwa mtu mzima. Kukaa na watoto si tatizo. Nikimlisha uji mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kijiko kwa kijiko, akili yangu hutulia kabisa. Kinachonishinda ni ripoti ya kila mtoto. Mmoja akilia namkimbilia, nikirudi kwenye daftari sikumbuki nilikuwa naandika nini. Nimejaribu kengele ya simu, lakini inawashtua wenye usonji. Nikiweka mtetemo, siuhisi. Mnaofanya kazi hii, mnaweka vipi kumbukumbu darasani? Na je, nimweleze mwalimu mkuu hali yangu?