Naomba ushauri: msuguano wa mpira wa tairi kwenye lami, niishie kwenye vinundu vya ukubwa gani?

Ndugu wataalamu, habari za kazi. Naombeni msaada wenu.

Ninatengeneza modeli ya kompyuta ya kipande cha mpira wa tairi, wenye masizi ndani yake, kinachoteleza juu ya lami kavu. Koefishenti (namba inayoonyesha ukubwa wa msuguano) moja isiyobadilika haifai hapa, maana msuguano wa mpira hubadilika kwa mwendo na joto. Kwa hiyo nimefuata nadharia ya mwanafizikia Bo Persson ya mwaka 2001, inayohesabu nishati inayopotea ndani ya mpira kila vinundu vya lami vinapoubonyeza na kuuachia, kuanzia vya milimita hadi vya mikroni.

Kinachonikwamisha ni kwamba kila nikishusha kikomo cha urefu wa wimbi (yaani ukubwa wa vinundu vidogo kabisa ninavyovihesabu) ili kuingiza vinundu vidogo zaidi, koefishenti inazidi kupanda, haitulii. Nimejaribu kukiweka pale mteremko wa wastani wa uso unapofika 1.3, kama baadhi ya watafiti wafanyavyo. Kwa mwendo wa polepole hesabu inakaribiana na vipimo vyangu. Mwendo ukizidi, vinaachana, ingawa joto la sehemu za mgusano nimelijumuisha.

Je, kikomo hicho kiamuliwe na nini hasa: chembe za masizi, vumbi la barabarani, au tabaka la juu la mpira lililochakaa? Pili, moduli (kipimo cha ugumu wa mpira) niliipima kwa mnyumbuko mdogo sana. Niirekebishe vipi, ikiwa kwenye ncha za vinundu mpira unanyumbuka mno na kulegea?

Grafu ninazo, nitaziweka zikihitajika. Natanguliza shukrani.